Sekunde Tatu na Saa Kumi: Kazi ya Supakapasita na Kazi ya Betri

Naomba tuanze na hesabu mbili ndogo.

Ya kwanza ni ya taa ya wavuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria. Zamani walikwenda ziwani na karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi wanatumia taa za LED zinazochajiwa kwa jua. Tuseme taa hiyo inakula wati 10 na inawaka kwa saa 10, tangu giza linapoingia mpaka alfajiri. Wati 10 mara saa 10 ni wati-saa 100.

Ya pili ni ya lori linalopakia mzigo bandarini Dar es Salaam kwenda Tunduma. Alfajiri dereva anawasha. Starta inaizungusha injini ya dizeli kwa sekunde 3, ikivuta kilowati 8 hivi. Ukipiga hesabu unapata wati-saa zisizofika 7.

Yaangalieni majibu hayo mara ya pili. Kuamsha injini itakayovuta tani 30 hadi mpakani kunahitaji nishati ndogo kuliko kuwasha kitaa cha mvuvi, karibu sehemu moja ya kumi na tano. Lakini tukiuliza nishati hiyo inatakiwa itoke kwa kasi gani, starta inadai mara 800 ya ile inayodaiwa na taa. Taa inataka nyingi, polepole. Starta inataka kidogo, kwa mara moja.

Naulizwa sana na mafundi vijana kama supakapasita, vifaa vingine vya kuhifadhi umeme, zitaziua betri. Wamesikia kwamba kifaa hiki kinachajiwa kwa sekunde, kinadumu miaka na miaka, hakina asidi, na hakishiki moto kirahisi kama betri mbovu ya simu. Mengi ya hayo ni kweli. Jibu langu hata hivyo ni hapana, na sababu yake tumeshaiona katika hesabu zile mbili. Betri ni ghala na supakapasita ni kibindo. Ghala linalisha nyumba msimu mzima, lakini kutoa gunia kunataka muda. Kibindoni unatia mkono na kutoa papo hapo, ila hakuna aliyewahi kuweka mavuno ya shamba kibindoni.

Tuingie ndani ya vyombo vyenyewe tuone kwa nini viko hivyo.

Betri inahifadhi umeme kwa kuugeuza kuwa kemia. Katika betri ya lithiamu, unapochaji, ioni za lithiamu huondoka upande wa chanya, huogelea ndani ya kimiminika kinachoitwa elektrolaiti, kisha hujipenyeza kati ya matabaka ya madini ya kinywe upande wa hasi. Unapotumia umeme, hurudi zilikotoka. Safari hiyo ya kuingia ndani kabisa ya kitu na kutoka ndiyo inayofanya betri ibebe nishati nyingi, na ndiyo hiyo hiyo inayoifanya iwe na mwendo wa taratibu na ichoke. Kila mzunguko unaacha kovu dogo. Betri ya risasi na asidi, ile tunayoiita betri ya maji, ina kemia nyingine lakini msiba ule ule: mabamba yake hugeuka salfeti ya risasi inapoishiwa, na ukiiacha bila chaji kwa wiki kadhaa fuwele za salfeti hukomaa na hazirudi tena. Betri nyingi za sola vijijini hufa kwa njia hii. Mwenye nyumba hujiona amedanganywa dukani, kumbe betri imelala na njaa mwezi mzima wa mawingu.

Supakapasita haina kemia ya namna hiyo. Ioni zinasogea mpaka kwenye uso wa mkaa na kujipanga hapo, zimetenganishwa na mkaa kwa umbali usiofika hata nanomita moja. Haziingii ndani ya kitu wala hazigeuki kuwa kitu kingine. Ukiruhusu umeme utoke, zinatawanyika. Mjerumani Hermann von Helmholtz alilieleza tabaka hilo la chaji mwaka 1853, lakini ilichukua zaidi ya miaka 100 kupata chombo chenye manufaa: kampuni ya General Electric ya Marekani ilipata hataza mwaka 1957, watafiti wa kampuni ya mafuta ya Standard Oil ya Ohio wakaendeleza wazo miaka ya 1960, na NEC ya Japani ikaanza kuziuza mwaka 1978, hasa kwa ajili ya kulinda kumbukumbu za kompyuta umeme unapokatika.

Ikiwa kila kitu kinafanyika kwenye uso, basi siri ni kuwa na uso mkubwa kupita kiasi. Hapa ndipo mkaa ulioamilishwa unapoingia. Ni mkaa uliochomwa kwa mvuke au kemikali hadi ukatobokatoboka vitundu visivyoonekana. Gramu moja ya mkaa wa kutengenezea supakapasita huwa na uso wa mita za mraba 1,500 hivi, zaidi ya theluthi moja ya ekari. Na malighafi inayopendwa na viwanda vikubwa kwa mkaa huo ni vifuu vya nazi. Ndiyo, vifuu hivi hivi ambavyo kuanzia Lamu hadi Mafia huishia jikoni kama kuni. Japani na Sri Lanka wana viwanda vinavyovigeuza kuwa mkaa wa supakapasita. Natamani sana kuona maabara zetu za kemia zikilichukua jambo hili kwa uzito, maana kifuu tunacho, na ujuzi wa kuamilisha mkaa si muujiza. Hata vichujio vya maji ya kunywa vinautumia.

Uso ukiwa mkubwa hivyo, kwa nini bado supakapasita haishibi? Kwa sababu ya volti. Nishati iliyomo ni nusu ya uwezo wa kapasita, unaopimwa kwa faradi, mara volti mara volti tena, na elektrolaiti yake huharibika ikivukishwa volti 2.7 au karibu na hapo. Chukueni seli moja kubwa inayopatikana sokoni, ya faradi 3,000: ina upana wa sentimita 6, urefu wa sentimita 14, na uzito wa nusu kilo. Pigeni hesabu. Nusu ya 3,000 mara 2.7 mara 2.7 ni kama jouli 10,900, nazo ni wati-saa 3. Betri ya simu iliyo mfukoni mwako ina wati-saa 15 na haifikishi gramu 100. Ili kupata nishati ya simu moja utahitaji seli 5, kilo mbili na nusu.

Sasa rudini kwa mvuvi wetu. Ili apate wati-saa 100 kutoka kwenye supakapasita atabeba seli zisizopungua 44, maana volti ya supakapasita hushuka kadiri unavyotumia, na ikifika nusu umeshachota robo tatu ya nishati. Robo iliyobaki ni vigumu vifaa kuitumia. Hizo ni kilo 22 ndani ya mtumbwi. Betri ya maji ingefanya kazi hiyo kwa kilo 6 au 7, ikihesabiwa kwamba isitumiwe zaidi ya nusu ili isife mapema. Betri ya lithiamu aina ya fosfeti ya chuma, ambayo mafundi mnaifahamu kwa herufi LFP, ingeifanya kwa kilo moja au zaidi kidogo. Na ukiijaza supakapasita ukaiacha nyumbani siku za mbalamwezi ambapo wavuvi hawatoki, itapoteza chaji yake mapema mno kuliko betri yoyote kati ya hizo mbili.

Lakini inadumu, mtaniambia. Hili nataka tulikazie macho, kwa kuwa ndilo neno linalouza. Supakapasita nzuri inastahimili mizunguko laki 5 hadi milioni moja ya kujazwa na kumalizwa. Betri ya maji ya kawaida hupata mia chache, na LFP maelfu kadhaa. Tofauti ni kubwa sana. Ila taa ya mvuvi inajazwa mchana na kumalizwa usiku, mzunguko mmoja kwa siku. Mizunguko laki 5 kwa mwendo huo ni miaka zaidi ya 1,300. Supakapasita yenyewe haitafika huko, kwa sababu hata bila kutumiwa huzeeka kwa miaka, na kuzeeka huko huenda haraka zaidi penye joto: kwa kanuni wanayoitumia watengenezaji, kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi, umri unapungua kama nusu. Kwenye boksi la bati juu ya paa la Dar es Salaam au Mombasa miaka yake itakwisha wakati mizunguko karibu yote haijaguswa. Anayeinunua kwa taa ya usiku analipia mara kumi na zaidi ya bei ya betri kwa kila wati-saa, na anachokilipia hatakitumia kamwe.

Basi inafaa wapi? Inafaa mahali ambapo mzunguko ni mfupi na hurudiwa mara nyingi mno. Mfano ninaoupenda ni mabasi ya Shanghai. Mwaka 2006 jiji hilo liliweka kwenye njia yake ya 11 mabasi yanayotembea kwa supakapasita peke yake. Basi linafika kituoni, mkono ulio juu ya paa unainuka na kugusa chanzo cha umeme, na wakati abiria wanashuka na kupanda, linachaji. Kisha linakwenda kilomita chache hadi kituo kinachofuata chenye umeme. Halihitaji kwenda mbali. Likifunga breki, mwendo wake unarudishwa kuwa umeme na kuhifadhiwa papo hapo, jambo ambalo betri hulifanya kwa kusitasita kwa sababu haiwezi kumeza umeme mwingi kwa ghafla. Basi la mjini hufunga breki mamia ya mara kwa siku. Pale mizunguko laki 5 ina thamani, tena inatumika yote.

Linganisheni na bodaboda ya umeme ya Kigali au Nairobi. Dereva hazungukii njia moja yenye vituo. Anamfuata abiria anakotaka kwenda. Anahitaji kilowati-saa 2 au 3 chini ya kiti chake. Kwa supakapasita hiyo ingekuwa karibu nusu tani. Waliobuni huduma hiyo walichagua njia sahihi: betri ya lithiamu, na vituo vya kubadilishia betri iliyoisha kwa iliyojaa katika dakika chache. Tatizo la muda wa kuchaji wamelitatua kwa utaratibu wa biashara, bila kugombana na fizikia.

Na lori letu la Tunduma? Hapa supakapasita ina haki kamili. Seli 11 za faradi 3,000 zikiunganishwa kwa mfululizo, chini ya kilo 6 kabla ya boksi na nyaya, zikijazwa hadi volti 28 zinaweza kuamsha injini mara mbili bila msaada. Uzuri zaidi uko kwenye betri iliyochoka. Betri kuukuu ya volti 24 ambayo haiwezi tena kusukuma starta, lakini bado inaweza kutoa ampea 10, itazijaza seli hizo kwa kama dakika 11. Kisha starta inachota kutoka kwenye supakapasita, na injini inawaka. Betri imefanya kazi yake ya kutunza, na supakapasita imefanya yake ya kutoa.

Mawazo yangu hayaishii kwenye lori. Yanaenda kwenye jenereta ya zahanati. Umeme unakatika usiku, mama yuko chumba cha kujifungulia, mlinzi anakimbilia jenereta, na starta inatoa mlio wa kugonga tu. Dizeli ipo, injini ni nzima, ila betri ndogo ya kuamshia imekaa miezi bila kuangaliwa. Kwa kifaa kinacholala wiki nyingi na kutakiwa kwa sekunde 3 tu, jozi ya betri na supakapasita inayowekwa chaji kidogo kidogo na umeme wa kawaida ni uwekezaji wa busara kuliko mashine nyingi za bei kubwa tunazozinunua. Wahandisi wa hospitali waliomo humu ukumbini, nawaomba mlipime jambo hili.

Mafundi mtakaozishika, jueni hatari zake. Supakapasita tupu mbele ya chaja ni kama waya ulioshoti. Bila kidhibiti cha ampea utaunguza chaja. Iliyojaa ikiguswa na spana kwenye ncha zake mbili hutoa zaidi ya ampea elfu moja kwa kufumba na kufumbua. Na seli zikiwa kwenye mfululizo lazima kuwe na saketi ya kusawazisha, la sivyo moja itapanda juu ya volti 2.7 na kuvimba wakati jirani zake bado zina njaa.

Kuna jambo limeanza kuenea masokoni nalo linaniuma. Yanauzwa maboksi ya kuhifadhi umeme wa nyumba yaliyoandikwa supakapasita, mengine yakiongezewa neno grafini, kwa ahadi ya miaka 30 na maelfu ya mizunguko. Kuna kipimo ambacho muuzaji hawezi kukificha: mizani. Supakapasita ya kawaida inabeba wati-saa 5 hadi 8 kwa kila kilo ya seli. Boksi linalodai kilowati-saa 5 lingekuwa na uzito wa zaidi ya kilo 600. Hata zile chotara zinazochanganya mkaa na lithiamu zingezidi kilo 200. Kama watu wawili wanalinyanyua na kulitundika ukutani, humo ndani mna betri. Kipimo cha pili ni volti: vuta umeme kwa ampea zisizobadilika na utazame mita. Supakapasita inashuka mstari ulionyooka tangu dakika ya kwanza. Ukiona volti 51 au 52 zimeganda saa baada ya saa, hiyo ni LFP, labda hata LFP nzuri, lakini umeuziwa kwa jina na bei ya kitu kingine.

Tusizungumze umeme tukasahau ardhi. Betri nyingi za lithiamu za magari hutumia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, katika ukanda wa Kolwezi na Lubumbashi ambako wachimbaji wanaongea Kiswahili kama sisi. Nikeli, nayo hutumika kwenye nyingi ya betri hizo, iko Kabanga, na kinywe kiko Mahenge, kote Tanzania. LFP haina kobalti wala nikeli, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kuipendekeza kwa nyumba zetu. Supakapasita nayo ni mkaa na alumini kwa sehemu kubwa, ingawa elektrolaiti yake mara nyingi ni asetonitrili, kimiminika chenye sumu na kinachowaka. Isitupwe jalalani wala isichomwe.

Lakini sumu iliyotuumiza sisi wenyewe imetoka kwenye betri ya zamani kuliko zote hizi, ile ya risasi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ulikuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofanya kazi tangu 2007 hadi 2014. Risasi iliingia kwenye hewa, maji na udongo. Watoto walikutwa nayo kwenye damu, na risasi ikishaingia kwenye ubongo wa mtoto madhara yake hayarudi nyuma. Phyllis Omido, mama ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliongoza mapambano yaliyofika hadi Mahakama ya Juu ya Kenya, ambayo Desemba 2024 iliirejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya iliyoamriwa kwanza mwaka 2020. Kosa halikuwa la betri ya risasi, maana ikishughulikiwa ipasavyo ndiyo inayorejelezwa kwa urahisi kuliko betri zote. Kosa lilikuwa la kuiyeyusha mlangoni mwa watu bila kuwalinda. Betri za lithiamu tunazozifunga leo zitafika mwisho wake baada ya miaka 8 au 10, kwa wingi kuliko tulivyowahi kuona, na vituo vya kuzipokea katika nchi zetu ni vichache mno.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kwa nyumba, duka, shule na mtumbwi, nunueni LFP, na iwekeni kivulini. Kwa kuamsha injini, kwa breki za basi, kwa mashine inayoshtuka mara elfu kwa siku, wekeni supakapasita pembeni ya betri. Mamlaka za viwango zichukue hatua ya kulazimisha kila boksi la kuhifadhi umeme liandikwe wati-saa zake, kilo zake, na mahali pa kulirudisha likifa. Mpaka hapo zitakapofanya hivyo, wewe mnunuzi uliza mambo hayo matatu kabla ya kulipa, na duka lisilotaka kuyajibu, toka uende la jirani.